Pumzi Isiyopigwa Picha

Katika Chandogya, mojawapo ya Upanishadi za kale kabisa za India, kuna kisa cha viungo vya mwili kugombea ukubwa. Usemi, macho, masikio, akili na pumzi wanakwenda kwa baba yao Prajapati awatolee hukumu: nani bora? Anawajibu kwamba bora ni yule ambaye akiondoka, mwili unabaki katika hali mbaya kupita zote. Basi usemi unatoka, unakaa mwaka mzima, na ukirudi unakuta wenzake wameishi kama anavyoishi bubu. Macho yanatoka mwaka, yanakuta wenzao wameishi kama kipofu. Masikio vivyo hivyo. Akili inaondoka, na mwili unaishi kama mtoto mchanga. Ikafika zamu ya pumzi. Ilipojiinua tu kutaka kutoka, wenzake wote waling'oka pamoja nayo, kama farasi mwenye nguvu ang'oavyo vigingi alivyofungiwa miguu. Wakaisihi pumzi ibaki, na ubishi ukaisha.

Kisa hicho kilisimuliwa kabla ya Buddha kuzaliwa, yaani zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Leo, katika madarasa mengi ya yoga ulimwenguni, pumzi iliyoshinda kesi ile imepewa dakika tano za mwisho, baada ya saa nzima ya kujikunja na kujinyoosha, na mwalimu akichelewa hata hizo zinaliwa. Nataka kueleza ilivyokuwa hivyo. Maoni yangu ni kwamba kwa muda wa miaka mia moja hivi yoga imesafiri kwa picha, na picha haiwezi kubeba pumzi. Anayeanza sasa kuongeza mazoezi ya pumzi katika yoga yake ya kila siku anakutana na sehemu kongwe kuliko karibu mikao yote aliyofundishwa, na ina adabu zake.

Wazee wa Upanishadi waliigawa pumzi mafungu matano. Prana hukaa kifuani, apana huteremka na kutoa taka, samana husaga chakula tumboni, udana hupanda kooni, na vyana husambaa mwili mzima. Mwanafunzi wa tiba atasema anatomia haiko hivyo, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo ndani ya mgawanyo huo kuna wazo zito: kwamba kupumua, kumeng'enya, kusema na kutembea kwa nguvu mwilini ni kazi zinazoshikana, na kwamba mtu akiishika moja ameanza kuzigusa nyingine. Pumzi ndiyo pekee kati ya hizo inayoendelea yenyewe tukilala na inayotutii tukiamka. Mlango huo ndio walioutumia.

Wa kwanza kuusukuma kwa nguvu walikuwa watawa wa msituni. Maandiko ya Kipali yanasimulia kwamba Siddhartha Gautama, kabla hajawa Buddha, alijaribu njia yao. Alikaza meno, akabana pumzi ya kinywa na ya pua. Upepo ukavuma masikioni. Akaziba na masikio. Kichwa kikamuuma ajabu, tumbo likakata, mwili ukawaka joto. Hakupata alichokitafuta, akaiacha njia hiyo. Baadaye aliwafundisha wanafunzi wake jambo tofauti kabisa: kaa, usiibane pumzi wala usiirefushe, ijue tu, ikiwa ndefu ujue ni ndefu, ikiwa fupi ujue ni fupi. Mafunzo hayo yana hatua 16, na mpaka leo ndiyo msingi wa kutafakari katika nchi nyingi za Kibudha. Kwa hiyo tangu zama zile India ilikuwa na shule mbili, ya kuitawala pumzi na ya kuitazama, na yoga tunayoijua imekuwa ikiyumba kati ya hizo mbili.

Patanjali, ambaye wasomi wengi humweka kati ya karne ya 4 na ya 5 BK, alizipatanisha. Yoga Sutra yake ina vifungu 195 au 196, kutegemea nakala, na njia anayoieleza ina viungo vinane. Mkao ni cha tatu, pumzi ni cha nne. Juu ya mkao anasema machache mno: uwe thabiti na wa raha. Hakuna kusimama kwa kichwa, hakuna kupinda mgongo. Mkao ni mahali pa kukaa ili kazi ianze, na kazi inayofuata mara moja ni kukatiza mwendo wa kawaida wa kuvuta na kutoa pumzi, kwa kuangalia mahali, muda na idadi, mpaka iwe ndefu na laini. Vifungu vyenyewe ni vitano tu. Mwanafunzi alitegemewa apate mengine mdomoni mwa mwalimu.

Kitabu hicho kilitoka India mapema kuliko wengi wanavyodhani, nacho kilitoka kwa Kiarabu. Al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarazm aliyeishi zama za sultani Mahmud wa Ghazni, alijifunza Kisanskriti, na mwanzoni mwa karne ya 11 akakifasiri pamoja na maelezo yake. Nakala ya tafsiri hiyo ilikuja kuonekana Istanbul katika karne ya 20. Wanaodhani yoga ilianza kuwafikia Waislamu kupitia simu zao wamechelewa miaka elfu moja.

Karne hiyohiyo ya 11 ndiyo inayotupa Amritasiddhi, andiko ambalo watafiti wa sasa, James Mallinson miongoni mwao, wanaliona kuwa la kwanza kufundisha kwa utaratibu mbinu za hatha: kufunga koo, kufunga nyonga, kuishika pumzi ndani ya kiwiliwili. Likafuata Dattatreyayogashastra katika karne ya 13. Kisha, karibu na mwaka 1450, Svatmarama akakusanya yote katika Hathapradipika, kitabu chenye sura nne. Sura ya kwanza ni ya mikao, na mikao yenyewe ni 15 tu, mingi ikiwa ya kukaa. Sura ya pili ni ya pumzi.

Sura hiyo ya pili nawahimiza walimu wote wa yoga waisome, maana hakuna andiko linaloonyesha wazi zaidi jinsi watu hawa walivyoiheshimu kazi yao. Kwanza husafishwa mishipa ya nguvu, kwa zoezi ambalo leo huitwa nadi shodhana. Jinsi lilivyotufikia, mkono wa kulia unainuliwa usoni, kidole cha shahada na cha kati vinakunjwa kiganjani. Gumba linaziba tundu la kulia la pua, pumzi inavutwa kwa tundu la kushoto. Kidole cha pete kinaziba la kushoto, gumba linaachia, pumzi inatoka kulia. Inavutwa tena kulekule kulia, inatoka kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Svatmarama anataka mizunguko iongezwe polepole mpaka 80, mara nne kwa siku: alfajiri, adhuhuri, magharibi na usiku wa manane. Anasema mishipa itasafika kwa miezi mitatu. Jasho linalotoka lisifutwe kwa kitambaa, lisuguliwe mwilini. Siku za mwanzo mtu ale maziwa na samli.

Baada ya hapo ndipo zinapokuja namna nane za kushika pumzi. Suryabhedana huvutwa kwa tundu la kulia. Ujjayi hukwaruza koo kwa sauti nyembamba. Sitkari na sitali huvuta hewa ya ubaridi kwa mdomo na ulimi. Bhastrika husukuma pumzi kama mivukuto ya mhunzi, bhramari huvuma kama nyuki, na murccha na plavini hazifundishwi sana siku hizi. Katikati ya hayo yote limewekwa onyo: simba, tembo na chui milia hufugwa kidogo kidogo, na pumzi nayo hufugwa hivyo, ukiiharakisha itamuua mwenye kuifuga. Kapalabhati, ile ya kurusha pumzi kwa kupiga tumbo, haimo katika nane hizo. Imo katika orodha ya vitendo sita vya kujisafisha, pamoja na kuosha pua na kuosha tumbo, na Svatmarama anaiagiza kwa mwenye mafuta na kohozi vilivyozidi. Jambo hilo nitalirudia.

Karibu na mwaka 1550 sheikh wa tarika ya Shattari, Muhammad Ghawth wa Gwalior, aliandika kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Bahr al-Hayat, Bahari ya Uhai. Alikuwa sufi mkubwa, na alipochukua mazoezi ya mayogi aliyafanya kazi ya ibada: mahali pa sauti za Kisanskriti aliweka majina ya Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu aliyoyaona yanalingana nazo. Nusu karne baadaye, kati ya 1600 na 1604, nakala ya fahari ilitengenezwa Allahabad kwa ajili ya mwanamfalme Salim, atakayekuja kuwa mfalme Jahangir. Ina michoro 21 ya mayogi katika mikao, na sasa iko katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin. Wanahistoria wa yoga huithamini sana, kwa kuwa ndiyo nakala ya zamani kabisa tuliyo nayo yenye michoro ya mikao kwa mpangilio. Lakini ukisoma maneno yanayokwenda na michoro hiyo utakuta mwandishi anaeleza pumzi: inavutwa wapi, inashikwa wapi, jina gani litajwe moyoni. Mchoraji, kwa ustadi wake wote, amechora goti, mgongo na ndevu. Hakuwa na namna nyingine.

Msomaji wa pwani yetu hatashangaa kusikia pumzi ikifanywa kazi ya dini. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa aliitia nguvu Qadiriyya Unguja katika zama za Sayyid Barghash, na zikri ya tarika hiyo, watu wakiwa wamesimama kwa duara, jina la Mungu likitolewa kwa pumzi nzito ya pamoja inayozidi kasi, bado inasikika Bagamoyo na visiwani. Sisemi kwamba imetoka kwa mayogi. Nasema kwamba mwanadamu ni mmoja, ana mapafu yaleyale, na palipo na mtu aliyetafuta kuutuliza moyo au kuuwasha, mapema au baadaye amefika kwenye pumzi.

Swami Vivekananda, mtawa wa India, alipohutubia Baraza la Dini, Chicago, mwaka 1893, na kisha kubaki Marekani kufundisha, yoga aliyoitoa ilikuwa ya pumzi na akili. Kitabu chake Raja Yoga kilitoka mwaka 1896. Kinamtaka mwanafunzi akae kifua, shingo na kichwa vikiwa mstari mmoja, avute kwa tundu hili atoe kwa lile, basi. Mikao ya hatha hakuitaka. Aliiona migumu na haina faida ya kiroho. Kwa hiyo Mmarekani wa kwanza kujifunza yoga New York alijifunza kupumua akiwa amekaa na nguo zake za kawaida.

Vivekananda alikutana pia na watu waliokuwa tayari wanapumua. Genevieve Stebbins, mwalimu wa mazoezi ya viungo New York, alikuwa ametoa kitabu chake cha kupumua na jimnastiki mwaka 1892. Miaka michache baada ya Raja Yoga kikatoka Chicago kitabu cha sayansi ya pumzi ya mayogi kilichotiwa jina la Yogi Ramacharaka. Aliyekiandika alikuwa Mmarekani, mwanasheria William Walker Atkinson. Ile pumzi ya sehemu tatu inayofundishwa kila mahali, jaza tumbo, kisha mbavu, kisha kifua, inafanana sana na aliyoifundisha yeye kuliko kitu chochote kilichomo katika Hathapradipika. Haina ubaya wowote, ni zoezi jema kwa anayeanza. Ila tusiivishe kilemba cha miaka elfu tatu.

Mambo yakageuka kamera ilipoingia.

Miaka ya 1920 na 1930 India ilikuwa katika harakati za kujijenga mwili ili kuutikisa ukoloni. Majarida ya wanyanyua vyuma yalijaa picha, na yoga ikaingia humohumo. Katika jumba la Jaganmohan, Mysore, mwaka 1933, mfalme Krishnaraja Wodeyar wa Nne alimpa Tirumalai Krishnamacharya chumba cha kufundishia vijana. Krishnamacharya alikuwa msomi wa Veda, na kwake kila mwondoko ulifungwa kwenye pumzi: unainuka kwa kuvuta, unainama kwa kutoa, unahesabu. Kitabu chake cha Yoga Makaranda, cha 1934, kimejaa maagizo ya pumzi. Mwaka 1938 yeye na mwanafunzi wake kijana B.K.S. Iyengar walipigwa filamu. Nimeitazama filamu hiyo tena na tena. Mwili unapinda hadi huamini macho yako. Lakini ni filamu bubu: ule mkwaruzo wa koo uliokuwa ukiwaongoza, ambao mtu aliyekaa chumba kile angeusikia kabla ya kuona chochote, haupo.

Wanafunzi wa Krishnamacharya ndio walioibeba yoga ulimwenguni. Indra Devi alifungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940. Pattabhi Jois alibaki Mysore na kufundisha mfululizo wa mikao inayoendeshwa kwa ujjayi. Iyengar alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, na kupitia kwake Ulaya ikamfungukia. Mwaka 1966 kilitoka kitabu chake Light on Yoga, chenye takriban picha 600. Ni picha za ajabu, na ndizo zilizowafundisha walimu wa mabara yote jinsi mkono unavyokaa na goti linavyofungwa. Pumzi imewekwa mwishoni mwa kitabu. Iyengar alingoja miaka 15 kabla ya kutoa Light on Pranayama, mwaka 1981. Yeye mwenyewe, aliyeugua kifua kikuu utotoni, aliishikilia kanuni ya kale kwa ukali: mikao kwanza, kwa miaka, mpaka mgongo uweze kukaa bila kuchoka, kisha mwanafunzi alazwe chali, kifua kikiwa kimeinuliwa kwa blanketi, ajifunze kuitazama pumzi kabla hajathubutu kuibana. Naamini alikuwa sahihi. Lakini dunia ilinunua zaidi kitabu cha kwanza.

Wakati huohuo wanasayansi walikuwa wanatafuta vitu vya kuonekana pia. Swami Kuvalayananda alifungua kituo cha yoga cha Kaivalyadhama, Lonavla, mwaka 1924, akiwa na maabara na jarida lake. Mwaka 1935 daktari wa moyo wa Kifaransa, Thérèse Brosse, alikwenda India na mashine ya kubebeka ya kupima umeme wa moyo, akampima Krishnamacharya na wengine waliosemekana kuweza kuusimamisha moyo. Karatasi zake zilizua gumzo kubwa. Jibu lilikuja mwaka 1961, pale Wenger, Bagchi na Anand walipowapima tena mayogi wa aina hiyo kwa vifaa bora. Wanachofanya ni kushika pumzi na kukaza misuli ya kifua na tumbo kwa nguvu, koo likiwa limefungwa. Shinikizo kifuani linapanda, damu inayorudi moyoni inapungua, mapigo ya mkono yanapotea na sauti ya moyo inafifia mpaka sikio la daktari halisikii kitu. Umeme wa moyo unaendelea kuandikika kwenye karatasi. Moyo haukusimama. Kwangu utafiti huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha kwa vipimo nguvu ile ambayo Svatmarama alikuwa akionya juu yake: kubana pumzi kunagusa moyo na mishipa moja kwa moja, na mwenye presha hapaswi kuichezea.

Swami Sivananda wa Rishikesh, daktari aliyekuwa amefanya kazi Malaya kabla ya kuwa mtawa, aliacha urithi wa namna nyingine. Katika darasa lililopangwa na mwanafunzi wake Vishnudevananda, pumzi hutangulia. Wanafunzi wanakaa, wanafanya mizunguko ya kapalabhati, kisha ya kupokeza matundu ya pua, halafu ndipo wanasimama kusalimia jua. Kwa hiyo anayeuliza pumzi iwekwe wapi, kabla au baada ya mikao, atapewa majibu mawili na wazee wawili. Maandiko ya kale yapo upande wa baada. Na mwili, kwa uzoefu wangu, unakubaliana nayo: mtu aliyeinyoosha nyonga na mgongo hukaa wima bila kupigana na maumivu, na akili yake imekwisha kupoa.

Kisha ikaja televisheni. Miaka ya mwanzo ya 2000 Swami Ramdev alianza kuonekana alfajiri katika runinga za India, na mamilioni wakapumua naye sebuleni mwao. Hapo pumzi ilipata umaarufu usio na mfano. Lakini angalia ni pumzi ipi. Ni kapalabhati, ile ya kujisafisha, ambayo tumbo hupigwa ndani kwa kasi na mtazamaji anaona. Bhramari haionekani, ila kwa vidole masikioni. Pumzi ndefu ya taratibu haionekani kabisa. Ukiipiga video unaona mtu amekaa. Kilichokuwa kitendo cha kusafishia njia kikawa ndicho safari yenyewe, watu wakihesabu mipigo mia tano, elfu moja, na wenye ngiri, wenye presha na wajawazito wamo miongoni mwao. Jambo hili linanihuzunisha kuliko mengine yote katika historia hii, maana watu wale walikuja na imani na kiu ya kweli.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio la Desemba 2014, lililoungwa mkono na nchi 177, na tangu 2015 balozi za India huiadhimisha Dar es Salaam, Nairobi na Unguja. Picha za siku hiyo ni mikeka mamia imepangwa uwanjani na mikono yote iko juu. Nairobi ina historia yake: Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafundisha ualimu vijana wa mitaa ya kipato cha chini, nao wamepeleka madarasa mashuleni na hata magerezani. Yoga yao ni ya mwendo na jasho. Imewafaa wengi, na ndiyo njia ambayo vijana wetu wameingilia. Kwa hiyo msingi tayari upo. Sasa inawezekana kujenga juu yake.

Tujue basi kinachotokea ndani. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Damu ya mtu mwenye afya tayari imejaa oksijeni kwa zaidi ya asilimia 95, kwa hiyo maneno kwamba pumzi nzito inaujaza mwili oksijeni ni ya kuwekwa kando. Kinachobadilika haraka ni hewa ukaa. John Scott Haldane na John Priestley walionyesha mwaka 1905 kwamba hiyo ndiyo inayoamrisha kupumua. Ukipumua kwa kasi unaitoa kupita kiasi, mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinawasha. Wengi hudhani kizunguzungu hicho ni dalili ya kufika mahali. Ni dalili ya kupunguza.

Pumzi ya taratibu hufanya jambo lingine. Carl Ludwig aliona tangu 1847 kwamba moyo huongeza kasi tunapovuta pumzi na hupunguza tunapoitoa. Ukiiteremsha pumzi hadi kama sita kwa dakika, kupanda na kushuka huko kunalingana na mdundo wa mwili wa kurekebisha shinikizo la damu, ambao nao huchukua kama sekunde kumi, na vyote viwili vinakwenda pamoja. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia na wenzake walichapisha vipimo vya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya yoga. Zote mbili ziliwashusha kwenye pumzi takriban sita kwa dakika, na mishipa yao ikaitikia vizuri zaidi. Hakuna aliyewaambia wahesabu. Sala yenyewe ndiyo ilihesabu. Mwaka uliofuata Eddie Weitzberg na Jon Lundberg wa Sweden wakaonyesha kwamba kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa huongeza mara 15 gesi ya nitriki oksidi inayotoka puani, gesi inayotanua mishipa. Nyuki wa Svatmarama alikuwa na kazi. Na mwaka 2023 watafiti wa Stanford waliwalinganisha watu waliofanya mazoezi ya pumzi dakika tano kwa siku kwa mwezi mmoja; waliorefusha utoaji pumzi ndio waliopata nafuu kubwa ya hisia, kuliko hata waliokaa kutafakari tu.

Kwa mwenye mazoea ya mikao anayetaka kuanza, naona afuate mpangilio wa kale. Amalize mikao, alale chali dakika chache, kisha akae juu ya blanketi lililokunjwa au kwenye kiti, tumbo likiwa halina chakula cha karibuni. Wiki za mwanzo asibane pumzi hata kidogo. Avute kwa pua kwa hesabu ya nne, atoe kwa sita, koo likiwa laini. Akisikia anaitamani hewa, hesabu imekuwa ndefu mno na aipunguze. Hilo likizoeleka aongeze nadi shodhana, mizunguko mitano au sita, kisha bhramari kidogo. Mwenye mafua yaliyoziba pua aache siku hiyo. Mjamzito, mwenye presha ya damu au ya macho, mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, ngiri, au aliyepasuliwa karibuni asiguse kapalabhati, bhastrika wala kubana pumzi. Urefu wa taratibu wa kutoa unamtosha, na daktari wake ajue. Anayepatwa na hofu akiitazama pumzi yake, na watu hao ni wengi kuliko walimu wanavyodhani, afumbue macho, ahisi nyayo sakafuni, aache, ajaribu siku nyingine kwa kuvumisha sauti.

Walimu wa Nairobi, Arusha na Dar nawaomba robo saa. Ikatwe kutoka kwenye mikao, si kutoka kwenye mapumziko ya mwisho. Muziki uzimwe, simu zikae nje ya chumba, na mwalimu apite katikati ya wanafunzi akisikiliza mmoja mmoja, maana hapo macho yake hayatamsaidia sana: pumzi inayokwaruza, inayokatika, inayovutwa kwa pupa, husikika kwa aliyeinama karibu.